Jiwe Kuukuu Katika Kasri la Kaizari

Anna Komnene alizaliwa mwaka 1083 katika kasri la Konstantinopoli, ndani ya chumba cha mraba chenye paa lililochongoka kama piramidi, kikitazama bahari. Alikieleza mwenyewe katika kitabu chake, Alexias: sakafu na kuta zilivikwa jiwe la zambarau lenye vidoa vyeupe kama mchanga ulionyunyizwa, jiwe ambalo makaizari wa zamani walilitoa Roma.

Walilitoa Roma. Naomba msomaji ashike hapo, maana toleo hili zima limezaliwa katika maneno hayo. Roma nayo haikuwa asili ya jiwe hilo. Lilichimbwa katika milima ya jangwa la mashariki mwa Misri, kati ya Nile na Bahari ya Shamu, na machimbo yake yaliachwa katika karne ya 5. Tangu hapo, aliyetaka zambarau hiyo aliitafuta katika kazi za waliomtangulia. Kwa muda mrefu vitabu vimelihesabu jambo hili kuwa ufukara: Wabizanti, watu wa dola ya Konstantinopoli, waliokota kwa sababu hawakuweza kuchonga. Mimi sikubali. Kaizari Konstantino VII alizaliwa katika chumba hicho mwaka 905 kabla wazazi wake hawajaoana, na jina la Porphyrogennetos, aliyezaliwa katika zambarau, ndilo lililomtetea. Jiwe kuukuu lilimpa kile ambacho marmaru mpya isingeweza kumpa.

Romanos Lekapenos, jemadari wa majini aliyemweka Konstantino kando na kutwaa taji mwaka 920, hakuwa na jina hilo. Naye aliegemea kazi za kale: alijenga kasri lake, Myrelaion, juu ya jengo kubwa la mviringo la karne ya 5, akaligeuza jengo hilo kuwa birika la maji na kulijaza nguzo zilizotoka kwingine.

Hata hivyo, si kila jiwe lina ujumbe, na wanaoona ujumbe kila mahali wanakosea vilevile. Katika birika la Kaizari Justinian, lenye nguzo 336 chini ya ardhi, vichwa viwili vya Medusa vimewekwa chini ya nguzo, kimoja kikiwa kimelala ubavu, kingine kichwachini. Yaelekea mafundi walihitaji kimo tu, na mahali penyewe pangefunikwa na maji. Anayesoma mawe haya hana budi kujua kwanza nani angeyaona.

Mwaka 1204 wapiganaji wa Msalaba waliuteka mji. Sanamu ya makaizari wanne wanaokumbatiana, ya jiwe lile lile la Misri, ilichukuliwa hadi Venice na kupachikwa kwenye kona ya Kanisa la Mtakatifu Marko, ikiwa imepungukiwa na kipande cha mguu. Kipande hicho kilifukuliwa Istanbul, ndiyo Konstantinopoli ya zamani, katika miaka ya 1960, jirani na Myrelaion, na hakijatoka katika mji huo.