Njia za miguu zisizibwe

Mhariri,

Hapa Cotswolds, Uingereza, Machi ikiingia, wanakondoo wanarukaruka malishoni, na sisi wafanyakazi wa zamu tunajipatia pumzi kwa kutembea kwenye njia za miguu za mashambani. Njia hizo za umma zimo katika ramani rasmi za kaunti, hata zinapokatiza shamba la mtu.

Jumapili iliyopita, mimi na mama mkwe, mgeni kutoka Tanga, tulikuta njia imezibwa kwa seng'enge na kibao kimeng'olewa. Ikabidi turudi kwa barabara ya magari, nyembamba, isiyo na pa kukanyaga pembeni. Mama wa watu alitetemeka.

Sheria ya Barabara ya 1980 inakataza kuziba njia hizi. Naiomba halmashauri iifungue njia hiyo kabla ya Pasaka. Wasomaji wenzangu, kwenu hali ikoje?

Msomaji,
Cotswolds