Rejista haimpi mtu dawa

Mwandishi, ulipoiita rejista ya wagonjwa "majaribio" umechanganya. Rejista ya wagonjwa haijaribu kitu kwa mtu. Inaandika yaliyokwishafanyika hospitalini, basi. Sweden walianza ya magoti bandia mwaka 1975, ya nyonga 1979. Tena wao kila mkazi ana namba yake tangu 1947, kwa hiyo mgonjwa akipasuliwa upya mji mwingine anajulikana ni yuleyule. Rejista ya Australia nayo ilishtukia mapema kwamba nyonga bandia za aina ya ASR zinarudiwa kupasuliwa kupita kawaida. Mwaka 2010 mtengenezaji akaziondoa sokoni dunia nzima. Huku kwetu mgonjwa mmoja ana faili tatu, na jina limeandikwa kivyake katika kila moja (muulizeni Mwanaisha yeyote). Tuanzie hapo, kwa namba moja kwa kila mgonjwa; kompyuta baadaye.