Barua ya Kaloleni: Wafungua Njia

Juma lililopita kijana wa jirani yangu hapa Kaloleni aliniuliza, "Mjomba, jina la Kariakor lilitoka wapi?" Nikamweleza kwamba ni ukumbusho wa Carrier Corps, yaani wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, waliokuwa na kambi mahali pale. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, wala si kwa risasi. Akauliza tena, "Watu wasiopiga bunduki nao ni mashujaa?" Swali hilo lilininyima usingizi.

Leo namjibu kwa habari za watu wengine wa vita ambao kazi yao ilikuwa kuwafungulia wenzao njia, nao ni mafundi wa jeshi.

Tarehe 16 Desemba 1940, majeshi ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na ya Afrika Kusini yaliishambulia El Wak, kituo cha Waitalia katika nchi kavu ya mpaka wa Kenya na Somalia. Kituo kilizungukwa na seng'enge, na bunduki haikati seng'enge. Mafundi walitumia mrija mrefu wa chuma uliojazwa baruti. Husukumwa chini ya waya, hulipuliwa, na mwanya hupatikana. Anayeusukuma hutambaa mbele ya wenzake wote, na mikono yake haina nafasi ya kushika silaha.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika El Alamein, katika jangwa la Misri, nchi ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki pia walitumika kama askari wa kazi. Wajerumani na Waitalia walikuwa wamefukia mchangani mabomu karibu nusu milioni. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 mizinga ya Waingereza ilianza kunguruma, na mafundi wakaingia katika shamba hilo la mauti. Wengine walibeba chombo cha kutambua chuma ardhini, kilichobuniwa na Józef Kosacki, afisa wa Poland. Kifaa kilipoharibika, fundi alipiga magoti na kuuchoma mchanga taratibu kwa singe, akiielekeza kwa mshazari ili iguse bomu ubavuni, wala si juu linapokanyagwa. Alipolipata, alifukua kwa vidole, akaliondoa lisiweze kulipuka. Nyuma yake wenzake walitandaza utepe mweupe na kuweka taa, ili madereva wa vifaru waione njia yenye upana wa yadi 8 tu.

Fikirini, ndugu zangu. Risasi zinapita, vumbi limetanda, na nyuma yako vifaru vimepanga foleni vikingoja. Kila mtu anataka uharakishe, nawe ukiharakisha utakufa, na wanaokufuata watakufa. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Hata hivyo kulipokucha baadhi ya njia zilikuwa hazijafika ng'ambo, na vifaru vingi vikakwama katikati ya mabomu. Mlango wa ushindi haukufunguka mpaka tarehe 4 Novemba.

Lakini habari haikuishia hapo. Wenye vita walipokwenda zao, mabomu mengi yalibaki mchangani. Miaka mingi baada ya amani yaliendelea kuwaua na kuwalemaza wachungaji wa Misri ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Bomu halijui kwamba vita vimekwisha.

Ndiyo sababu nilimchukua kijana yule Jumapili tukaelekea upande wa Embakasi. Huko mwaka 2005 serikali za Kenya na Uingereza zilifungua chuo cha kufundisha kazi ya kuondoa mabomu ya ardhini. Nikamwonyesha njia iendayo huko, nikamwambia, "Wanaojifunza kazi hii wakiifanya vizuri, hakuna litakalotokea. Mtoto atapita na mbuzi wake, atarudi nyumbani jioni, wala hatajua jina la aliyemsafishia njia."

Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ni kama wale wa Kariakor, mjomba. Jina la kazi limebaki, majina yao hatuyajui."

Sikuwa na la kuongeza. Nanyi mkipita Kariakor juma hili kununua vikapu, wakumbukeni.