Majina Katika Ukuta Mweusi: Kumheshimu Askari si Kuvihalalisha Vita

Tarehe 13 Novemba 1982 ilizinduliwa jijini Washington, nchini Marekani, kumbukumbu ya askari wa Vita vya Vietnam: ukuta mrefu wa graniti nyeusi wenye majina ya wanajeshi zaidi ya 57,000 waliokufa au kupotea vitani, leo hii yamezidi 58,000. Vyeo havikuandikwa. Mkubwa na mdogo wamepangwa pamoja, kwa kufuata siku ya kifo.

Vita hivyo viliwagawa Wamarekani. Mwezi Novemba 1971 Maaskofu Katoliki wa nchi hiyo walitamka kwamba mema yaliyotarajiwa yalikuwa yamezidiwa na maangamizi ya uhai wa watu na tunu za kimaadili, wakahimiza vita vikomeshwe upesi. Askari wengi walirudi nyumbani bila kupokelewa kwa heshima. Hata mchoro wa ukuta, uliobuniwa na Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21, ulizua mabishano: wapo waliouona weusi wake kuwa alama ya aibu, na mwaka 1984 ikaongezwa sanamu ya askari watatu.

Miongoni mwa majina hayo limo la Padre Vincent Capodanno wa Shirika la Maryknoll, ambalo wamisionari wake wanafahamika pia Musoma na Shinyanga. Aliuawa tarehe 4 Septemba 1967 akiwahudumia majeruhi na walio kufani. Hakubeba silaha, alikwenda kuwa karibu na vijana waliotumwa kupigana.

Ushuhuda wake unatuonesha njia. Kanisa linafundisha kwamba vita vipimwe kwa masharti makali, na wajibu wa kupima ni wa wenye mamlaka ya kuamua. Kumwombea kijana aliyetumwa vitani si kuvibariki vita vilivyomuua. Wala kuvilaani vita si ruhusa ya kumdharau aliyerudi na majeraha.

Hata hivyo, ukuta huo una mpaka wake. Wavietnamu zaidi ya milioni moja waliokufa, raia wakiwemo, hawamo. Kila taifa lina haki ya kuwalilia watoto wake, lakini sala ya Mkristo haiishii mpakani. Basi, tunapowaombea marehemu wetu kila mwezi Novemba, tuwakumbuke pia wale ambao hakuna jiwe lililobeba majina yao. Mwenyezi Mungu anawajua wote.