Upweke wa mkimbizi si soko

Bunia, Ituri. Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita, leo nazungumza juu ya wizi usiotumia bunduki.

Kijana mmoja aliyekimbia teritwari ya Djugu, anayeishi sasa katika kambi ya Kigonze, alinionyesha simu yake. Mtandao wa kutafuta wachumba ulikuwa umemwandikia: “Kuna mwanamke amekupenda. Amekuachia ujumbe.” Picha ilifunikwa ukungu ili asione sura. Kufungua ujumbe ni dola 25. Shangazi yake aliye Kampala akamlipia kwa kadi. Alipofungua, hakukuta mwanamke wala ujumbe. Mwezi uliofuata kadi ikakatwa dola 25 nyingine, bila mtu kuulizwa.

Wengine wanasema: “Ni ujinga wake.” Mimi nakataa. Huo ni mtego, na walioutega wanajua kazi yao.

Si porojo za mtaani. Mwaka 2014 serikali ya Marekani iliibana JDI Dating, kampuni ya Uingereza. Kampuni yenyewe ilikuwa ikitunga wapenzi wasiokuwepo na kuwaandikia wateja kwa majina yao, ili wateja walipe waweze kujibu. Iliamriwa kulipa zaidi ya dola 616,000. Na Agosti 2025, kampuni kubwa ya Match ilikubali kulipa dola milioni 14 kumaliza kesi iliyofunguliwa mwaka 2019. Ilishtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuahidi miezi sita ya bure huku masharti yakifichwa, na kwa kuwawekea wateja vikwazo wanapotaka kujitoa.

Wamarekani walipata mtu wa kuwasemea. Sisi je? Tangu tarehe 13 Machi 2023 Congo ina sheria ya mambo ya numeriki. Tunauliza wakubwa wa Kinshasa: ni lini sheria hiyo itamfikia mtu wa kambini? Au inakaa kabatini ikisubiri wageni?

Aliyepoteza mke, kijiji na majirani kwa siku moja ana kiu ya neno zuri. Kumuuzia neno hilo, tena la uongo, ni kumpora mara ya pili.

Basi, ndugu zangu, tujilinde. Usilipe ili kusoma ujumbe wa mtu usiyemjua. Usimpe mtu namba ya siri ya simu yako. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Lazima ujiondoe kwenye malipo yenyewe. Na wazazi, msimcheke kijana aliyeibiwa. Akiona aibu atanyamaza, na akinyamaza, jirani yake naye ataibiwa.

Anayekupenda kweli atakusalimia bure.

Mwandishi wenu, Bunia.