Jemadari, Tajiri na Kura

Yako maoni yaliyoenea siku hizi miongoni mwa wasomi wetu, wala hayasemwi tena kwa kunong'ona, kwamba nchi za Afrika zimechoshwa na wanasiasa wa maneno, na kwamba dawa yao ni mtu wa namna nyingine: afisa wa jeshi aliyestaafu kwa heshima, akafanya biashara ikamkubali, kisha akajitolea kuomba kura za watu. Husemwa kwamba jeshi limemfundisha utii na utaratibu, na biashara imemfundisha hesabu. Basi mwenye kuijua amri na kuijua faida atashindwaje kuijua dola? Maoni haya nimeyasikia katika semina, nimeyasoma katika insha za wanafunzi, na mfano unaoletwa aghalabu ni ule ule, Jemadari Olusegun Obasanjo wa Nijeria. Mfano huu haukuchaguliwa vibaya. Lakini nataka utazamwe kwa makini kuliko wanavyoutazama wanaoutoa, kwa kuwa naona unashuhudia kinyume cha jambo wanalotaka kulithibitisha.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Aliingia jeshini mwaka 1958, akaenda Kongo pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa, na mnamo Januari 1970 ndiye aliyepokea kusalimu amri kwa majeshi ya Biafra, ile nchi ambayo Tanzania iliitambua mwezi wa Aprili 1968. Murtala Mohammed alipouawa Februari 1976, Obasanjo akawa mkuu wa serikali ya kijeshi, na tarehe 1 Oktoba 1979 akamkabidhi madaraka Shehu Shagari aliyechaguliwa kwa kura. Hili la mwisho ni sifa yake kubwa, wala sitaki kuipunguza hata chembe. Akaenda Ota akawa mkulima na mfugaji. Mwaka 1995 alifungwa na Sani Abacha. Akatoka kifungoni mwaka 1998 baada ya Abacha kufa. Na tarehe 27 Februari 1999 akachaguliwa kuwa rais kwa kura zipatazo 63 katika kila 100. Alitawala hadi Mei 2007.

Wanaomsifu husimulia habari hizi kama hadithi ya ngazi tatu, mtu akipanda kutoka kambini hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi ikulu, na kila ngazi ikimwandaa kwa ile iliyo juu yake. Mimi nauliza swali dogo ambalo katika insha nilizozisoma halikuulizwa hata mara moja: mtaji wa afisa mstaafu hutoka wapi? Mfanyabiashara wa kawaida tunajua anavyoanza. Huanza na kibanda, na mkopo wa shemeji, na hofu ya kodi ya pango mwisho wa mwezi. Hofu hiyo ndiyo mwalimu wake, na ikiwa biashara ina elimu yoyote inayoweza kumfaa mtawala, basi elimu yenyewe ni hiyo, ya kujua kwamba fedha huisha na mnunuzi anaweza kwenda duka la pili. Je, afisa mkuu mstaafu huipitia elimu hiyo?

Tutazame ardhi. Mwezi wa Machi 1978 serikali ya kijeshi ya Obasanjo ilitoa amri ya matumizi ya ardhi, iliyoweka ardhi yote ya kila jimbo mikononi mwa gavana wake wa kijeshi, aishike kwa niaba ya watu. Yaliyokuwa mashamba ya ukoo, ambayo wazee waliyagawa kwa mashauri na kwa ushahidi wa makaburi na miti, yakawa sasa yanategemea hati ya gavana. Mwaka uliofuata mtoa amri alistaafu akaanza kilimo kikubwa huko Ota. Sisemi kwamba aliiba shamba la mtu, na asiyenielewa hapa asinisingizie. Nasema kwamba mtu aliyeitia sahihi sheria ya ardhi akiwa mkuu wa nchi, kisha akawa mkulima chini ya sheria hiyo, hakuingia sokoni kwa mlango ule anaoingilia jirani yake. Jirani yake alipaswa kuijua sheria. Yeye ndiye aliyeitunga.

Ikiwa mfano huo hautoshi, uko wa mwenzake, Jemadari T. Y. Danjuma, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu zama za Obasanjo, akastaafu mwaka 1979 akaingia katika biashara ya meli. Mwaka 1998 serikali ya Abacha iliipa kampuni yake eneo la kutafuta mafuta baharini. Mwaka 2006 kampuni ya Kichina ilinunua asilimia 45 ya haki za eneo hilo kwa dola za Marekani zaidi ya bilioni 2. Kati ya mwaka wa kupewa na mwaka wa kuuza, Danjuma aliwahi kuwa waziri wa ulinzi wa Obasanjo. Hapa pia sidai kwamba sheria ilivunjwa. Mali iliyopatikana ilitokana na leseni, na leseni ilitoka kwa serikali ya askari ikaenda kwa askari. Kuiita mali hiyo ushahidi wa ujuzi wa biashara ni kama kumwita mrithi fundi wa kujenga nyumba kwa sababu anakaa ndani yake.

Basi ngazi ya pili katika hadithi yao haipo. Ni ile ile ya kwanza iliyopakwa rangi nyingine. Tena jambo hili halikuwa la mtu mmoja wala wawili. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2003 Obasanjo aligombea dhidi ya Muhammadu Buhari, jemadari mstaafu aliyewahi kuitawala nchi kijeshi, na Odumegwu Ojukwu, aliyekuwa luteni kanali kabla ya kuiongoza Biafra. Mpiga kura wa Nijeria, baada ya miaka minne ya utawala wa raia, alikuwa kama mtu aliyeitwa kuchagua katika gwaride.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno moja la kazi yangu. Katika Kiswahili cha zamani neno siasa halikuwa na maana ya kugombania vyeo tu. Mtu aliweza kuambiwa aifanye kazi kwa siasa, yaani kwa upole na uangalifu, bila kutumia nguvu. Na neno raia, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni kundi linalochungwa. Maneno haya mawili yanaonyesha njia mbili za kumtazama mtawaliwa: ama ni mtu wa kuendewa kwa siasa, ama ni mnyama wa kuchungwa. Nashuku kwamba malezi ya jeshi, kwa ubora wake wote, humzoesha mtu maana ya pili. Hili si kosa la jeshi. Jeshi lisilotii amri ni balaa, kama ilivyoonekana kwetu Tanganyika mwezi wa Januari 1964, hata ikabidi baadaye kuleta askari wa Nijeria watulinde. Lakini utii unaolifaa jeshi hauwi sifa kwa kuhamishiwa bungeni. Pale mwenye kubisha si mwasi, bali anafanya kazi aliyotumwa.

Mwezi wa Februari 2007, wakati wa kampeni za kumtafuta mrithi wake, Obasanjo alisema hadharani kwamba uchaguzi ule kwa chama chake ulikuwa ni jambo la kufa na kupona. Kauli hiyo haikumponyoka mlevi wa kilabuni. Ilisemwa na rais aliyekwisha shinda chaguzi mbili, na bado fikra zake za uchaguzi zilikuwa fikra za vita. Uchaguzi wenyewe ulipofanyika mwezi wa Aprili, ulikuwa na kasoro kiasi kwamba mshindi, Umaru Yar'Adua, alizikiri katika hotuba yake ya kuapishwa. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 16 Mei 2006, Baraza la Seneti lilikuwa limeyakataa mabadiliko ya katiba ambayo yangemwezesha rais kugombea mara ya tatu. Obasanjo amekana siku zote kwamba aliyataka. Na iwe hivyo. Lakini waliookoa katiba siku ile ni wale wale wanasiasa wa maneno ambao wasomi wetu wamechoshwa nao.

Na mfanyabiashara je, alifanya nini ikulu? Mwezi wa Mei 2005, akiwa bado rais, ulifanywa mkutano huko Abeokuta wa kuchanga fedha za maktaba itakayobeba jina lake. Zikaahidiwa naira zaidi ya bilioni 6. Waliochanga walikuwa magavana, matajiri na makampuni ya mafuta, yaani watu ambao hati zao, leseni zao na bahati zao zilipita mezani pake. Wakili Gani Fawehinmi aliipeleka habari hiyo mahakamani. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kampuni ya rais ilikuwa na hisa zipatazo milioni 200 katika kampuni ya Transcorp, zikishikwa na wadhamini. Na kampuni hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2006, ndiyo iliyouziwa sehemu kubwa ya shirika la simu la taifa. Serikali iliyofuata iliutengua uuzaji huo. Mfanyabiashara wa kweli hufahamu kwamba muuzaji na mnunuzi hawawezi kuwa mtu mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza la soko, hata mchuuzi wa samaki analo.

Mpinzani wangu atasema nimeyaacha mema yake. Sikuyaacha, nimeyaweka hapa makusudi. Mwaka 2001 serikali yake iliuza kwa mnada ulio wazi leseni za simu za mkononi, kila moja kwa dola milioni 285, na watu waliokuwa wakingoja simu kwa miaka wakaipata. Mwaka 2003 iliundwa tume ya kupambana na uhalifu wa fedha. Mwaka 2005 nchi zilizoidai Nijeria zilikubali kusamehe deni la dola zipatazo bilioni 18. Haya ni makubwa, na mwenye haki hayafichi. Lakini yachunguzwe yalivyopatikana. Deni halikufutwa kwa amri, wala kwa kununua na kuuza. Lilifutwa kwa hesabu zilizopangwa na kutetewa kwa subira mbele ya wadai, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wa fedha, mtaalamu wa uchumi ambaye hakupata kuvaa magwanda. Obasanjo alifaulu hasa pale alipoacha kuwa jemadari na tajiri, akawa msikilizaji.

Atasema pia kwamba askari aliyestaafu ni raia kama wengine, na katiba haimzuii kugombea. Ni kweli, na mimi simzuii. Agombee kama mwalimu anavyogombea na mkulima anavyogombea, aulizwe maswali na ajibu. Ninachokikataa ni kuzihesabu nyota za mabegani na fedha za benki kuwa shahada mbili za utawala, hata mtu akadhaniwa amefaulu mtihani ambao hajaufanya.

Kwa sababu, wakati wasomi wanapojadili utaratibu na nidhamu, iko miji inayoijua nidhamu hiyo kwa jina lake. Mwezi wa Februari 1977 askari wapatao elfu moja waliivamia nyumba ya mwanamuziki Fela Kuti mjini Lagos, wakaichoma, wakamtupa dirishani mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyefariki mwaka uliofuata. Uchunguzi wa serikali ulisema waliofanya hivyo ni askari wasiojulikana. Wakati ule Obasanjo alikuwa mtawala wa kijeshi, na watetezi wake husema zilikuwa zama za magwanda. Lakini mwezi wa Novemba 1999, miezi sita tu baada ya kuapa kama rais wa kura, polisi waliuawa karibu na mji wa Odi, katika jimbo la Bayelsa, na jeshi likatumwa huko. Lilipoondoka, karibu kila jengo lilikuwa limebomolewa au kuchomwa. Mwezi wa Oktoba 2001 askari 19 waliuawa katika jimbo la Benue, na jeshi likaenda Zaki Biam na vijiji vya jirani kulipiza kisasi, likaua raia zaidi ya mia moja. Amiri Jeshi Mkuu, mara zote mbili, alikuwa yule yule mkulima wa Ota.

Watu wa Odi walikwenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2013 Mahakama Kuu ya Shirikisho, ikikaa Port Harcourt, iliiamuru serikali iwalipe naira bilioni 37.6. Wakati huo aliyekuwa rais alikuwa amekwisha ondoka madarakani kwa muda wa karibu miaka sita, naye baadaye aliwaandikia barua marais waliomfuata akiwaonya juu ya namna ya kutawala.