Mbingu ya Wenzetu na Mlima Wetu

Mwanafunzi mmoja wa Nyeri alinionyesha picha ya mawingu yang'aayo usiku, akaniuliza aamke saa ngapi ili naye ayapige picha. Sikuwa na budi kumvunja moyo. Mawingu hayo ni chembe za barafu zieleazo yapata kilomita 80 juu, na huonekana majira ya joto katika nchi zilizo mbali na Ikweta, kama Uingereza. Ikweta yenyewe hupita Nanyuki. Anga ya juu huku haina baridi ya kuyaumba.

Lililonihuzunisha si hilo. Nilipomwuliza mawingu ya Mlima Kenya huitwaje, alinyamaza. Kiswahili kina ghubari, wingu la mvua, na mavundevunde, yaliyotawanyika; hakupata kuyasikia darasani. Walimu wenzangu, kwa nini mtoto aitamani mbingu ya ugenini ilhali kilele cha Batian, chenye mita 5199, chamtazama dirishani? Mpeni daftari na kamera (ya simu yatosha). Apige picha saa kumi na mbili asubuhi, kilele kikiwa wazi. Apige tena saa nne, wakati aghalabu kimekwisha kufunikwa, kisha atueleze kwa Kiswahili kilichobadilika.